Zakayo Hajafika Musompo

Kolwezi hatujawahi kuishiwa toba. Maji hukatika, umeme hukatika, barabara kuu hufungwa na foleni ya malori ya shaba yanayoelekea Kasumbalesa, lakini toba tunayo mchana na usiku, tena ya kipaza sauti. Chumba cha maombi kilicho nyuma ya nyumba yangu, hapa Manika, huanza kutubu Ijumaa saa tatu za usiku. Spika moja imeelekezwa kwa waumini, ya pili imeelekezwa dirishani kwangu. Niliwahi kwenda kuuliza kwa nini. Dikoni akanijibu kwa upole mwingi: “Papa, ile ya pili ni ya mataifa.”

Wala sina ugomvi na maombi. Nimebatizwa, cheti kipo kabatini pamoja na vya shule. Ugomvi wangu ni na ushuhuda. Kila Jumapili mtu anasimama, anashika kipaza sauti kwa mikono miwili, anatueleza jinsi alivyokuwa mlevi wa lutuku zamani zile mimi bado navaa kaptula. Dhambi zake zote zimekauka, hazina hata harufu. Alipigana, alizini, alikwenda kwa mganga, kisha Bwana akamgeuza, makofi. Ya mwaka huu hayamo. Mwaka huu kauza kiwanja kimoja kwa watu wawili, na mmoja wa hao wawili yuko kwaya, safu ya pili, anapiga makofi kuliko wote kwa sababu bado hajapewa habari.

Halafu kuna mahubiri ya machimbo. Sijui ni nani aliyewaambia wahubiri wa mji huu kwamba mtu wa Kolwezi haelewi jambo mpaka liwe na shimo ndani yake. Tunaambiwa tuchimbe moyo, tutoe udongo wa dhambi, tushuke mpaka kwenye kobalti ya Roho. Jumapili moja nilikaa jirani na kijana anayeshuka mashimoni kwelikweli; vumbi lilikuwa limeingia kwenye kucha zake na sabuni imeshindwa kulitoa. Mhubiri alipofika kwenye kina cha mita thelathini za neema, kijana akaniinamia sikioni: “Muzee, uyu hakuweka hata miti. Itabomoka.” Hakuwa anatania. Mwezi Juni 2019 wachimbaji zaidi ya 40 walifukiwa hapa hapa Kolwezi, na mtu anayeingia ardhini kutafuta ada ya watoto hafurahii kuona shimo linachezewa na mtu mwenye tai.

Mahubiri ninayoyataka mimi ni ya Zakayo, tena Zakayo mzima. Tunampenda sana yule bwana. Watoto wa shule ya Jumapili humwigiza kila mwaka, na kila mwaka mtoto mfupi kuliko wote hulazimishwa kupanda mwembe wa kanisa huku mama yake akilia chini. Ila Zakayo wetu akishashuka mtini, hadithi imekwisha. Anampeleka Yesu nyumbani, bukari, ugali wetu, inapakuliwa, Amina, tupokee matoleo. Pale anaposimama mbele ya wageni na kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila mtu aliyemdhulumu, hatufiki. Mara nne! Hapo ndipo mhubiri hutazama saa.

Nami namwelewa. Hebu mlete Zakayo hapa Musompo, kando ya barabara kuu, kwenye madepo ya wanunuzi wa madini. Mchimbaji anafika na mifuko yake juu ya pikipiki. Mpimaji anatoa metorex, ile bunduki ndogo isiyotoa risasi, anailenga kwenye jiwe, namba inatokea kwenye kioo: asilimia ya kobalti, asilimia ya shaba. Bei inafuata namba. Mchimbaji hana metorex ya kwake. Anaambiwa moja na nusu, naye usiku kucha ameota tatu. Malalamiko hayo ni ya miaka na yanajulikana: metorex husoma chini, mizani nayo hula kilo. Sasa fikiria mwenye depo mmoja anapanda juu ya pipa na kutangaza kwamba kila aliyepunjwa asilimia aje, atalipwa mara nne. Foleni ingefika Likasi. Na wenye madepo jirani wangekuwa wamekwisha kumpeleka kwa daktari wa akili kabla foleni haijapita Fungurume.

Tusiwasukumie wageni mzigo wote, maana najua wasomaji wangu. Kweli wenye madepo wengi wametoka mbali, watajibizana na Mungu kwa lugha yao. Lakini anayeshika ile bunduki, anayeandika kitabuni, anayebonyeza mizani kwa ncha ya kiatu, mara nyingi ni mtoto wa hapa, tena mtoto wa kanisa. Jumapili utamwona amefumba macho.

Mtindo huu tumeurithi. Injili ilifika Bunkeya, ndani ya Lualaba yetu ya leo, mwaka 1886, pale Mskoti Frederick Stanley Arnot alipoingia katika mji wa mfalme Msiri. Msiri alimpokea vizuri, akamwacha akae, akamsikiliza, kisha akaendelea kuuza pembe, shaba na watu. Mmisionari alipata mwenyeji mwema, na soko halikupata hasara hata ya ushanga mmoja. Sisi wajukuu hatujaongeza kitu ila spika.

Hata hivyo nitakuwa mwongo nikisema mji huu haujawahi kujichunguza. Uliwahi, tena kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika kambi ya Ruwe ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, alikuwapo padri Mfransisko, Mbelgiji, Placide Tempels. Tayari alikuwa na jina kwa kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu. Alikuwa amefika Kongo mwaka 1933, na mwenyewe alisimulia baadaye kwamba miaka yake ya kwanza alikuwa padri wa kuamuru: yeye ndiye anayejua, wengine watii. Kisha akageuka, na waliomgeuza ni wale wale aliotumwa kuwageuza, watu wa mgodi na wake zao. Hapo ikazaliwa harakati ya Jamaa.

Jamaa haikuhitaji jenereta. Ilikuwa ni mazungumzo ndani ya nyumba za kambi, juu ya mawazo makubwa matatu: uzima, uzazi na mapendo. Sharti lake moja ndilo linalonitesa mimi hadi leo: mume haingii peke yake. Huendi kujichunguza huku mke amebaki jikoni, ukarudi umegeuka bila shahidi. Mnakwenda wawili, baba na mama, na mnafundishwa na baba na mama wengine waliotangulia. Jambo lilisambaa kambi kwa kambi katika Katanga yote, likavuka mpaka wake. Maaskofu baadaye wakaanza kulitazama kwa jicho la pembeni, Tempels akarudi Ubelgiji mwaka 1962, akafia huko mwaka 1977. Ningependa kusema mambo yakaishia hapo.

Hayakuishia hapo, kwa sababu mimi nina mama mkubwa. Aliingia Jamaa akiwa bibi harusi mdogo, na alipotufikia alikuwa mjane mwenye macho mabovu na masikio mazuri mno. Alikuja kwetu kutibiwa macho. Jioni moja, baada ya bukari na sombe, akatuita wote wawili barazani. Akamtazama mke wangu, akanitazama mimi, ingawa kwa macho yale sina hakika aliona nini.

“Leo,” akasema, “mulimupunguzia nani uzima?”

Nikaanza mimi, nikiwa kichwa cha nyumba. Nilikuwa na orodha. Nilianza na dikoni na spika yake, nikapita kwa yule wa viwanja, nikagusa madepo ya Musompo, na nilikuwa naikaribia serikali ya jimbo aliponikata kauli.

“Hiyo yote ni ya bantu benye habako hapa. Na ya weye?”

Nikamweleza ukweli: umeme haukuwapo tangu asubuhi, sikufanya kitu.

“Unafanyaka kazi gani?”

“Naandika gazetini, mama. Naangalia tabia za watu.”

“Na banakulipaka?”

“Kidogo.”

“Basi angalia moja ya bure.”

Nilikuwa bado natafuta jibu la kumweka mzee huyu mahali pake kwa heshima inayostahili, mke wangu akasema maneno mawili tu: “Meka yangu.”

Kwa msomaji wa mbali niseme kwamba meka ni kipimo, chombo tunachopimia unga na mahindi sokoni. Mke wangu huuza unga. Na meka ya soko, nenda soko lolote la Katanga uipindue, kitako chake kimebonyea kuelekea ndani. Hakibonyei chenyewe. Kuna namna ya kukisukuma taratibu mpaka kipande juu vidole viwili bila bati kupasuka, na mwenye mkono mzuri wa kazi hiyo hakosi chakula. Unga ukimiminwa, juu unafanya mlima, unamwagika pembeni, mteja anaridhika na macho yake. Vile vidole viwili vya chini ni hewa. Hewa hiyo inauzwa kwa bei ya unga.

Kila mfuko ukiisha, hewa yake imekwisha kuzaa meka nzima ya ziada. Sisi hapa unga wetu mwingi unatoka Zambia; mpaka ukiyumba kidogo Kasumbalesa, bei Kolwezi inapanda kabla lori halijazima injini. Katika maisha ya namna hiyo, meka moja ya ziada ni ndugu wa damu. Ilinunua sabuni. Ilinunua krediti ya simu. Ilimnunulia mtoto viatu vya shule. Na naomba hili liandikwe mahali: ilikuwa inatoa fungu la kumi.

Mke wangu hakulia, hakuanguka, hakunena kwa lugha. Aliinuka, akaleta meka na mchi wa kinu, akaifunika meka kifudifudi kwenye mchanga, akafikiri, akaigeuza, akaanza kugonga kutoka ndani. Mama mkubwa akamshikia ukingo. Waligonga mpaka kitako kikashuka, paa!, kwa mlio nilioupokea moja kwa moja mfukoni. Kisha akapitisha kiganja ndani, pembe zote, akahakikisha kwamba sakafu imelala. Maombi ya kufunga yalikuwa mafupi, maana wote watatu tulikuwa na usingizi, na mmoja wetu alikuwa na hesabu za kupiga.

Nimeona watu wengi wakiokoka. Wengine wameokoka mara nne katika makanisa matatu. Huyu ndiye wa kwanza kuokoka kwa hasara yangu.

Habari ilifika sokoni kabla yake. Jioni wakaja wauzaji wenzake nyumbani, kina mama wenye vitambaa vya kanisa kichwani, mmoja wao kiongozi wa kwaya. Walikaa, wakanywa munkoyo wetu, wakauliza hali ya macho ya mzee, wakaingia katika jambo. Hoja yao ilikuwa nzito na niliipenda. Meka ya soko inajulikana, walisema. Mteja anajua, muuzaji anajua, bei yenyewe imepangwa ikijua. Kitu ambacho wote wanakijua kitakuwaje wizi? Yeye akija na meka iliyonyooka kwa bei ile ile anawaua wenzake. Akipandisha bei, wateja watamkimbia kwa kuwa wamezoea namba, hawajazoea kitako. Kwa hiyo amehurumia watu wasioomba huruma.

Nikatikisa kichwa kwa nguvu ili wajue nyumba hii ina mtu wa busara.

“Kama bote banajua,” mke wangu akajibu, “basi muti ya kinu haiwezi kuogopesha mutu.”

Walimwendea mchungaji. Mchungaji akasema jambo hili linahitaji maombi. Mpaka ninapoandika linaombewa.

Mke wangu hakungoja. Siku hizo alikuwa anasoma Amosi, kitabu ambacho nilidhani kimewekwa kwenye Biblia kwa ajili ya kujaza. Kumbe mchunga kondoo yule wa Tekoa, zaidi ya miaka 2,700 iliyopita, mlango wa nane, alikuwa akiwafokea wafanyabiashara wanaoona sabato inachelewa kwisha, wanataka kurudi sokoni wapunguze kipimo na kuongeza uzito wa mawe ya mizani. Sikujua kwamba ufundi wetu una ukoo mrefu hivyo. Nilitaka kuwatumia wale kina mama habari hiyo, lakini mke wangu alikuwa tayari amevuka kutoka kwa Amosi kwenda kwa Zakayo, na mimi nikaanza kutoka jasho.

Alitaka kurudisha. Mara nne.

Usiku ule nilikesha na Biblia, jambo ambalo spika ya dirishani haijawahi kulifanikisha. Na nikapata! Mambo ya Walawi, mlango wa sita: aliyemdhulumu mwenzake akakiri mwenyewe, arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Tano! Mara nne ni ya Kutoka, mlango wa 22, nayo inamhusu mtu aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza. Sisi kondoo hatujaiba. Asubuhi nikamwekea mke wangu mezani matokeo ya utafiti wangu, nimeyapigia mstari, nikiwa na hakika kwamba sheria ya Musa iko upande wa familia.

Akasoma taratibu. “Na Zakayo aliiba kondoo?”

“Hapana.”

“Sasa mbona alijihesabu na benye kuiba kondoo?”

Hilo halikuwamo kwenye utafiti. Mtu anapewa sheria mbili, moja nyepesi inayomfaa na moja nzito isiyomhusu, naye anachukua nzito kwa mikono yake mwenyewe, mbele za watu, bila wakili. Nimelifikiria sana na bado naona Zakayo alikosa mshauri. Ila lazima niseme: kati ya shuhuda zote nilizosikia tangu nibatizwe, hiyo ya mwenye deni kujiongezea deni sijapata kuisikia kwetu.

Tatizo lililobaki lilikuwa la kumlipa nani. Walionunua hewa hawakuandikwa. Mke wangu akaamua kwamba kila mteja wa zamani, akimkumbuka sura, anapata matabishi: meka iliyojaa, halafu makonzi juu yake mpaka mteja mwenyewe aseme basi. Wengine hawasemi. Kuna bibi mmoja hufungua mfuko wake, hutazama angani, na kukaa kimya kwa muda mrefu ambao mimi naweza kuuthamini kwa franka. Wapo waliodhani unga umeharibika ndiyo maana unagawiwa. Walinusa, wakaondoka, wakaenda kununua kwa kiongozi wa kwaya, vidole viwili vya hewa vikiwamo. Kuaminiwa, nimegundua, hakuji haraka kama wanavyoahidi kwenye mikutano ya injili. Mwezi wa kwanza tulipata hasara. Wa pili hasara ndogo. Nikimwambia, ananijibu kwamba ilikuwa hasara siku zote, ila wengine ndio waliokuwa wanailipa. Jibu hilo ni la mama mkubwa. Nilimsikia akilifanyia mazoezi.

Mzee mwenyewe macho yamepona na haondoki. Swali lake sasa linapakuliwa pamoja na bukari yangu, na halipoi. Juzi lilihusu nauli. Gazeti hunirudishia nauli ya teksi nikienda Kapata kutafuta habari, na mimi huenda kwa pikipiki. Hilo ni suala la kihasibu na halihusiani na makala hii.

Kilichobaki ni ombi kwa wahubiri wa Kolwezi, wa makanisa ya matofali na ya maturubai pia. Sherehe ya watoto inakaribia, na mwembe umekwisha kukatwa matawi ya chini tayari kwa Zakayo. Mwacheni apande, mwacheni ashuke, mpeni chakula. Halafu msomeni mstari wa nane wa ule mlango wa 19 wa Luka, wote, mpaka nukta, mbele ya wenye meka, wenye viwanja na wenye kushika metorex. Mkiona watu wa nyuma wameanza kukumbuka kwamba wana wagonjwa nyumbani, tafadhali msianzishe wimbo. Rudieni hesabu.